Kipara kimoja kwenye tairi

Tairi la nyuma la baiskeli yangu lilikuwa na kipara kimoja tu. Upana wake vidole viwili, urefu wake kiganja, na katikati nyuzi za kitambaa zilishaanza kuchungulia. Kwingine kote lilikuwa jipya, hata vile vinyweleo vya mpira vinavyotoka nalo kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Wiki sita tu tangu nilivishe. Nikalilaumu tairi, nikaapa kutonunua tena aina ile, nikavisha jingine nene zaidi. Wiki saba baadaye kipara kikarudi, kimoja vilevile, ila safari hii kilikuwa karibu na vali badala ya upande wa pili.

Hiyo habari ya vali ndiyo iliyoniamsha. Tairi bovu huisha ovyo ovyo. Haya mawili yaliisha kwa mpango, kila moja mahali pake pamoja. Kuna kitu kilikuwa kinachagua.

Baiskeli yenyewe ni fiksi. Kwa ambaye hajawahi kuipanda: haina friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke pedeli zikiwa zimetulia. Sproketi ya nyuma, yaani lile duara la meno linalobeba cheni, imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, upende usipende. Kwenye mteremko hupumzishi miguu. Ukiisukuma irudi nyuma, pedeli nazo zinarudi nyuma. Na ukitaka kupunguza mwendo, unaweza kuzikaza pedeli kwa miguu mpaka gurudumu ligande na tairi liburuzike barabarani. Breki ya mbele ninayo na ninaitumia, lakini kuburuza kulinikolea tangu siku ya kwanza: ule mlio wa mpira, ule mkia wa baiskeli unaotaka kukupita pembeni. Nakiri nilikuwa naburuza hata pasipohitajika, hasa watu wakiwapo.

Gia yangu wakati huo ilikuwa meno 48 mbele na 16 nyuma. Niliipenda kwa sababu inagawanyika: 48 kwa 16 ni 3, hakuna baki, hakuna nukta. Nilikuwa nimeiandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha sanduku la spana, kama mtu anavyoandika jina la mashua yake.

Sasa angalia balaa la ile 3 isiyo na baki. Kila pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 3 kamili. Kamili, bila ushee. Mimi naburuza mguu wa kushoto ukiwa mbele. Wa kulia sijawahi kuuweza, nikijaribu nahisi kama naandika kwa mkono nisiouzoea. Basi kila mguu wa kushoto unapofika mbele, tairi linaigusa ardhi mahali palepale. Leo, kesho, mwezi ujao, palepale. Nilikuwa nasaga tairi zima kwa kutumia kiganja kimoja cha mpira. Na kipara cha pili kilihamia kwenye vali kwa sababu nilipofungua gurudumu kubadili tairi, nilirudisha cheni kwenye jino jingine, mahesabu yakaanza upya kutoka sehemu nyingine ya duara.

Kanuni yake ni hesabu ya darasa la tano. Andika gia kama sehemu, mbele juu ya nyuma, kisha uifupishe mpaka isifupike tena. Namba inayobaki chini ndiyo idadi ya mahali tairi litakapoburuzika. 48/16 inafupika kuwa 3/1: mahali pamoja. 48/18 inakuwa 8/3: mahali patatu. 44/16 ni 11/4, mahali panne. 46/16 ni 23/8, nane. Lakini weka 17 nyuma: 48/17 haifupiki hata ufanyeje, kwa kuwa 17 ni namba tasa. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 2 na sehemu 14 za 17, na itachukua mizunguko 17 ya pedeli kabla tairi halijarudi lilipoanzia. Mahali 17 pa kuchakaa badala ya pamoja. Wanaoweza kuburuza kwa mguu wowote, na namba ya juu baada ya kufupisha ikawa witwa, wanapata mara mbili: 47/17 huwapa 34. Mimi wa mguu mmoja nakubali nilichogawiwa.

Kwa muda nilijaribu kudanganya hesabu. Kila Jumapili nilikuwa nalegeza gurudumu, naivua cheni, nazungusha gurudumu meno mawili, naivisha tena, ili kipara kihame. Inafanya kazi. Lakini ni kazi ya mtu anayehamisha ndoo chini ya paa linalovuja, na Jumapili ya nne nikachoka.

Kabla sijaendelea na spana, niseme kwa nini nilikuwa na 48/16 hata baada ya goti kuanza kulalamika. Ni majivuno. Niliyajaza kichwani kwa kusoma rekodi za saa moja, yaani umbali mrefu kabisa mtu anaoukata kwa baiskeli ndani ya saa moja. Eddy Merckx, Mexico City, 1972: kilomita 49.431 ndani ya saa moja kwa gia ya 52/14. Filippo Ganna, 2022: kilomita 56.792, na gia ya 65/14. Nilipoiona hiyo 65 mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Basi mtu wa kawaida kama mimi nikajiambia kwamba 48/16 ni unyenyekevu. Nilichosahau ni kwamba Merckx na Ganna walianza kwa kusimama mara moja tu, na baada ya hapo hawakusimama tena kwa dakika 60. Hakuna taa nyekundu ndani ya velodromu, uwanja wa mbio za baiskeli. Hakuna mtoto anayekimbiza mpira.

Kipimo kilichonitoa majivuno ni urefu wa barabara unaokatwa kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Chukua namba ya gia, zidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi langu la 700 kwa 25 lina mzingo wa karibu mita 2.1. 48/16 ikawa mita 6.3. 48/17 ni mita 5.9. 46/17 ni mita 5.7. Ukiziangalia hivi unaanza kuelewa kwa nini mwili unabishana nawe. Kila unapoondoka pale uliposimama, mguu mmoja unatakiwa kuusukuma mzigo wote zaidi ya mita 6 kwa mzunguko mmoja tu. Na kila unapotaka kusimama kwa miguu, magoti yanapokea kishindo kilekile kikirudi.

Watu wengi wakiulizwa gia gani wanajibu kwa mlima: inapandika au haipandiki? Mimi nadhani swali hilo linapewa cheo kisicho chake. Mlima unaweza kusimama juu ya pedeli ukavuta usukani, ukatukana kimoyomoyo, ukafika. Mteremko ndio unaobishana kwa haki, kwa sababu unadai kinyume cha kila kitu kingine. Kwa kilomita 45 kwa saa, 48/16 inanizungusha mara 119 hivi kwa dakika. 46/17 inanizungusha mara 132. Nikipita 120 naanza kurukaruka kwenye kiti kama maharage kwenye sufuria. Kwa hoja ya mteremko, gia nzito inashinda. Lakini mteremko wangu unachukua dakika 2, na nina breki. Kusimama na kuondoka nakufanya mara 30 au zaidi kwa safari moja. Nikahesabu hizo 30 nikaona kura zimeshapigwa.

Jambo moja ambalo wengi hawalioni mpaka walinunue: jino moja nyuma ni karibu sawa na meno matatu mbele. Kutoka 48/16 kwenda 48/17 unashuka toka 3.00 hadi 2.82. Ukitaka mshuko huohuo kwa kupunguza mbele, unahitaji gia ya meno 45. Kwa hiyo nyuma ni panga, mbele ni wembe. Nilianza na panga.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Sproketi ya fiksi hufungwa kwenye habu kwa hesi za kawaida, zinazokazwa kwa kuzungusha upande wa mwendo wa saa. Ukisukuma pedeli mbele inajikaza yenyewe. Ukizikaza pedeli kwa nyuma ingelegea, ndiyo maana nje yake kuna lokiringi, pete ya kufungia, ambayo hesi zake zimechongwa kinyume. Sproketi ikitaka kulegea, inaisukuma pete upande ule ambao pete inakaza. Ni akili nzuri sana ya chuma kwa chuma. Na maana yake ni kwamba kuifungua pete unazungusha upande wa mwendo wa saa. Nilijua hilo. Nilikuwa nimelisoma. Ila asubuhi ile nilikuwa na bomba refu nililolichomeka kwenye spana ya ndoano ili kuongeza nguvu, na mkono ukaenda ulikozoea. Kwa robo saa nzima nilikuwa naikaza lokiringi huku nikiishangaa jinsi ilivyoshika. Ndoano ikateleza, ikafyeka vipengele viwili vya pete, na ngozi ya vifundo vyangu vitatu ikabaki kwenye spoku.

Pete niliitoa hatimaye kwa patasi na nyundo, nikigonga upande sahihi. Ilikubali kwa kugongwa mara tatu. Tatu!

Sproketi mpya niliipaka grisi kwenye hesi, nikaikaza kwa ile spana yenye kipande cha cheni, nikaipanda baiskeli mlimani bila lokiringi kukazwa sana, nikisukuma mbele tu na kusimama kwa breki, kisha nikarudi kukaza lokiringi vizuri. Mlima unaikaza sproketi kuliko mkono wowote. Baada ya siku mbili nikaikaza lokiringi tena, ikazunguka kidogo zaidi, kama upana wa kucha. Usiruke hatua hiyo. Sproketi iliyoachiwa nafasi ya kucheza inatafuna hesi za habu, na habu ikishapoteza hesi hakuna cha kurekebisha. Unabadili habu, maana yake unafuma gurudumu upya.

Na kwa kuwa nimefika hapa: kuna wanaochukua habu ya friwili, isiyo na ngazi ya pili yenye hesi za kinyume, wakafunga sproketi ya fiksi kwa gundi na pete ya kuazima. Inashika mpaka siku unayoikaza pedeli kwa nguvu kuliko siku zote, ambayo kwa kawaida ndiyo siku kuna gari mbele yako. Katika hilo sina mjadala na mtu.

Sproketi ya 17 ilipokaa, ikaanza kunguruma. Mlio wa kusaga, kama mtu anatafuna mchanga. Nikalaumu sproketi, kama nilivyolaumu tairi. Naona sijifunzi haraka. Cheni ndiyo iliyokuwa mkosaji. Watu husema cheni imenyooka, lakini bamba zake hazinyooki. Kinacholika ni pini na matundu yake, kidogo kidogo kwenye kila kiungo, mpaka cheni nzima inarefuka. Kila pingili ya cheni mpya ina urefu wa milimita 12.7 toka pini hadi pini, kwa hiyo pingili 24 zinatakiwa kupima 304.8. Zikifika kama 306.3, badili cheni na meno yatapona. Nilinyoosha rula ya chuma juu ya yangu, nikasoma 308. Kwa kipimo hicho cheni haiko peke yake kaburini, inavuta na meno. Nikatazama gia ya mbele kwa ubavu: meno yalikuwa yamepinda kama mawimbi ya bahari kwenye michoro ya watoto.

Basi jino moja nililotaka kuongeza likawa cheni mpya na gia mpya ya mbele. Nikaona kama lazima ninunue ya mbele, nichukue wembe: 46. Gia yangu ikawa 46/17, yaani 2.71. Namba mbaya, haina mvuto wa kuandikwa kwenye sanduku la spana. Cheni ya kwanza niliyoleta ilikuwa nyembamba, ya 3/32 ya inchi, na gia yangu ya mbele ni ya 1/8. Cheni pana inakaa kwenye gia nyembamba bila ugomvi, ila nyembamba haiingii kwenye pana kamwe. Ikakaa juu ya meno kama kofia ndogo kichwani. Nikairudisha.

Sasa kukaza cheni. Hapa ndipo ninapoweza kupoteza asubuhi nzima na nisijute. Fiksi haina mkono wa kuikazia cheni kama baiskeli za gia nyingi. Unavuta gurudumu lote nyuma ndani ya mipasuo ya fremu, unakaza nati, basi. Ikilegea mno inaweza kuruka, na kwenye fiksi cheni ikiruka inaweza kujisokota nyuma na kuligandisha gurudumu ghafla. Ikikaza mno inaua beringi na unaisikia kwenye miguu, kila kitu kizito. Nataka katikati ya cheni icheze juu na chini kama sentimita moja. Lakini zungusha pedeli polepole na uangalie: pahali fulani inalegea, pahali fulani inakaza kama uzi wa gitaa. Ni kwa sababu gia ya mbele haijakaa katikati kabisa ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli; matundu ya bolti yana uwazi kidogo.

Dawa yake ni hii. Legeza bolti zote tano za gia ya mbele, kidogo tu, kiasi gia iweze kusogea ikigongwa. Zungusha mpaka cheni ikaze kabisa. Gonga cheni taratibu kwa mpini wa mbao pale katikati. Gia itajisogeza ulegevu upatikane. Zungusha tena, tafuta mahali papya panapokaza, gonga. Mara nne, mara tano. Tofauti inapungua kila mara mpaka huioni. Kisha unakaza bolti kwa kurukaruka, sio kwa kufuatana, kama unavyokaza gurudumu la gari. Baada ya hapo geuza baiskeli, zungusha pedeli kwa mkono na usikilize. Cheni iliyokaa sawa kwenye fiksi haitoi mlio wowote. Nilikaa pale nikizungusha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Krenki nilizibadili mwezi uliofuata, kutoka milimita 170 hadi 165. Goti hujikunja kidogo zaidi ya linavyopenda kwenye ndefu, na kwenye kona pedeli ilikuwa inakwaruza lami, jambo ambalo kwenye fiksi si mzaha kwa vile huwezi kusimamisha mguu juu ukapita. Sheldon Brown, yule fundi wa Marekani aliyefariki 2008, alisisitiza kwamba gia isihesabiwe bila urefu wa krenki, na magoti yangu yanamuunga mkono: krenki fupi inafanya gia ileile iwe nzito kwa karibu asilimia 3. Kwa hiyo nilirudisha sehemu ya nilichopunguza. Bado ni nafuu.

Krenki hizo mpya zilikaa nje mno kwenye ekseli yake. Mstari wa cheni, ukiupima toka katikati ya fremu, ulikuwa milimita 46 mbele na 42 nyuma, cheni ikawa inakwenda mshazari na mlio ukarudi. Nikaweka ekseli ya 103 badala ya 111. Milimita 8 fupi, nne kila upande, mstari ukanyooka. Sina zaidi la kusema juu ya hilo isipokuwa kwamba upime kabla hujanunua krenki, sio baada.

Tairi la sasa lina miezi minne. Limechakaa duara zima, sawasawa, kama sabuni. Naburuza kidogo kuliko zamani pia, nikiwa mkweli, kwa hiyo sifa zote si za 17.

Habu yangu ina hesi pande zote mbili, na upande wa pili nimefunga sproketi ya 18 kwa siku za upepo na siku za goti. 46/18 inafupika kuwa 23/9, mahali tisa, inavumilika. Waendeshaji wa Tour de France walikuwa wakifanya hivi hadi derela, vifaa vya kuhamisha cheni toka gia moja hadi nyingine, zilipokubaliwa mwaka 1937: wanasimama chini ya mlima, wanafungua gurudumu, wanaligeuza, wanaendelea. Mimi nina spana ya 15 kwenye mfuko wa nyuma. Ekseli inasogea mbele kama milimita 3 tu kwa jino moja, cheni haiguswi. Mara ya kwanza ilinichukua dakika 14, na lokiringi nilizikagua zote mbili, kwa upande sahihi. Jana ilinichukua dakika 6.